Dublin Wanabamba, Arusha Walionjeshwa Tu

Wasee wengi mtaani hawana rada kwamba campo za Marekani ziliwahi kuleta gemu yao ya helmeti hadi hapa karibu, ukivuka tu Namanga. Mei 2011, uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha: Drake, campo ya kutoka Iowa, dhidi ya mbogi ya mastaa wa campo za Mexico. Waliiita Kilimanjaro Bowl. Drake wakachapa watu 17-7, halafu badala ya kurudi keja kulala, wakapanda mlima wenyewe. Walami hawachoki, manze!

Hawakurudi tena. Siku hizi form ya campo kubwa za Marekani ni Dublin, kila Agosti, uwanja wa Aviva.

Na huko sherehe si ya kitoto. 2022, gemu ya Northwestern na Nebraska, intaneti ya uwanja ilizima na mitambo ya kulipia ikalala nayo. Cash nayo hawakuwa wanashika. Wakaamua keroro ni ya bure! Mafan wa Nebraska, jezi nyekundu stendi nzima, wakawa wanakunywa cha bure huku timu yao ikichomeka mbele ya macho yao. Kochi wao, Scott Frost, alikuwa anaongoza 28-17, akajiona mjanjaruu, akaitisha kateke kafupi ndio maboyz wake wauokote mpira tena. Wapi! Northwestern wakaudaka, wakapindua meza, 31-28. Septemba haikufika katikati kabla Frost apigwe kalamu.

Usidanganywe ati hizo safari za Dublin ni za kueneza mchezo. Jina la gemu lenyewe limebeba shirika la ndege, Aer Lingus. Msee wa Kansas anakata tiketi, analipa hoteli, anazurura Ireland wiki nzima. 2025 Iowa State na Kansas State, wabishi wa siku nyingi kutoka mashamba ya mahindi na ngano, walivuka bahari yote kumalizana huko. Iowa State wakabeba, 24-21. Mwaka huo huo ndio campo zilianza kulipa wachezaji moja kwa moja, so ganji inasakwa kila kona.

Drake nao? Campo ndogo, wachezaji hawapewi hata skolaship ya mpira, na hakuna mafan wa kujaza ndege kuwafuata Arusha. Kwangu mimi hao ndio walikuwa na roho ngumu kushinda wote wa Dublin. Lakini roho hailipi hoteli. So promota akikushow ati analeta campo kubwa ya Marekani Kasarani, muulize kwanza: ni mafan gani watakata hizo tiketi za ndege?