Gari Lako Lalia Lini? Tambua Maradhi ya Breki, Usukani na Beringi Kabla ya Kununua Spea

Ukipita kwenye gereji zetu, kuanzia Mombasa mjini hadi Mtwapa, Kilifi na Ukunda, utasikia mazungumzo ya aina moja. Mwenye gari asema, "Fundi, kuna kelele huku mbele." Fundi naye, kabla hajainama kutazama, ajibu, "Hiyo ni beringi, bosi. Toa pesa nikanunue." Beringi yafungwa, pesa zalipwa, na kesho yake kelele iko pale pale. Gari larudi gereji, na safari hii mwenye gari aambiwa ni boljointi. Mwisho wa mwezi zimebadilishwa spea tatu, na ile iliyoharibika bado haijaguswa.

Pesa hizo zauma, lakini si hasara kubwa zaidi. Injini ikizima, aghalabu waweza kusukuma gari kando ukaita fundi. Breki, usukani na beringi za magurudumu ndizo zinazolisimamisha gari, kulielekeza na kulishikilia barabarani. Moja ikikatika kwenye mteremko wa Mazeras kushuka Miritini, lori likiwa nyuma yako na jingine mbele, huna nafasi ya kuita mtu.

Habari njema ni kwamba vitu hivi mara nyingi huonya mapema. Hulia, hutetemeka, hunuka au huvuta upande kwa siku nyingi kabla ya kuharibika kabisa. Anayesikia onyo la kwanza ni dereva, si fundi. Kwa hivyo kazi ya kutambua ugonjwa yaanza na wewe uliyeshika usukani, hata kama hujawahi kushika spana.

Swali ni moja: lini?

Watu wengi huuliza kelele yatoka wapi. Swali hilo hupotosha, kwa sababu sauti husafiri kwenye chuma, na ya gurudumu la nyuma yaweza kusikika kama iko mbele. Anza kwa kuuliza: yatokea lini?

Ikitokea au kubadilika ukikanyaga breki, anza kushuku breki. Ikitokea ukikata kona au ukipita kwenye mashimo, tazama usukani na viungo vyake. Ikiwa ni mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda, hata usipogusa breki, shuku beringi au tairi. Swali hili pekee halimalizi kazi, lakini lakuonyesha pa kuanzia.

Breki

Mlio mwembamba wa "kwii" unapokanyaga breki mara nyingi ni pedi zilizokwisha. Pedi nyingi zina kijipande cha bati kinachoanza kugusa disiki pedi ikibaki nyembamba, makusudi ili upate kusikia. Pedi ikifika milimita 3, ibadilishe. Ukingoja mpaka mlio ugeuke kuwa mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma, utanunua na disiki pia.

Gari likiwa limelala nje usiku, hasa karibu na bahari, disiki hushika kutu jepesi na asubuhi breki hukwaruza mara mbili tatu kisha zikanyamaza. Huo si ugonjwa. Ugonjwa wa chumvi ni ule uliojificha: pini za kalipa kushika kutu na kukwama, na mabomba membamba ya mafuta ya breki kulika kidogo kidogo chini ya gari, mahali usipopaona.

Kalipa ikikwama, pedi hubaki imeibana disiki hata ukiwa umetoa mguu. Dalili zake ni gari kuwa zito, harufu ya kuungua, na gurudumu moja kuwa la moto kuliko mwenzake. Baada ya safari ya dakika 15 au 20, sogeza mgongo wa mkono karibu na kila rimu bila kuigusa, ulinganishe kushoto na kulia.

Gari likivuta upande mmoja unapokanyaga breki tu, upande mmoja washika kuliko wa pili. Kumbuka kwamba gari huvutwa kuelekea upande unaoshika zaidi, kwa hivyo mbovu yaweza kuwa ile ya upande wa pili iliyolala. Usukani ukitetemeka unapofunga breki ukiwa kwenye mwendo, tazama disiki: huenda unene wake hauko sawa pande zote.

Pedali nayo ina lugha yake. Ikiwa laini kama sponji, yaelekea kuna hewa ndani ya mabomba. Ukiikanyaga kwa nguvu gari likiwa limesimama na injini yawaka, kisha ikashuka polepole chini ya mguu wako, kuna mahali mafuta yavuja au masta silinda yapitisha mafuta kwa ndani. Ikiwa ngumu kama jiwe, pima busta: zima injini, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, iendelee kukanyagwa, kisha washa injini. Pedali ikishuka kidogo, busta yafanya kazi. Isiposhuka, kuna hitilafu kwenye busta au mpira wake wa hewa.

Mafuta ya breki twayadharau sana. Aina ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu kutoka hewani, na hewa yetu ya Pwani haikosi unyevu. DOT 3 mpya hutakiwa isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi kama 140. Sasa mfikirie dereva anayeshuka kutoka Wundanyi kwenda Mwatate, kona baada ya kona, mguu haukutoka kwenye breki. Joto lapanda, mafuta yachemka, mapovu yaingia kwenye mabomba, na pedali yaenda hadi chini bila gari kupunguza mwendo. Dereva huyo atasema breki zilikatika ghafla, kumbe mafuta yalikuwa hayajabadilishwa miaka nenda miaka rudi. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili, na kwenye mteremko tumia gia ya chini ili injini isaidie kulizuia gari.

Taa nyekundu ya breki ikiwaka huku handibreki imeshushwa, usiipuuze. Huenda mafuta yamepungua kwa sababu pedi zimekwisha au kwa sababu yavuja. Kuongeza mafuta bila kutafuta sababu ni kuificha dalili. Na kamwe usitie oili ya injini kwenye kikopo cha breki, kwani hufurisha mipira yote ya mfumo ikaharibika.

Usukani

Kabla ya kulaumu usukani, pima upepo wa tairi. Tairi moja ya mbele ikiwa chini, gari huvuta upande huo, na watu wamelipia alaimenti kwa ugonjwa wa upepo. Ikiwa upepo uko sawa na gari bado lavuta, badilisha tairi mbili za mbele, ya kushoto iende kulia, ikiwa ni aina inayokubali kuzunguka pande zote mbili. Uvutaji ukihama upande, kosa ni la tairi. Usipohama, nenda ukapime alaimenti.

Usukani ukitetemeka kwenye mwendo wa kilomita 80 hadi 100 kwa saa bila kugusa breki, kisha ukatulia ukipunguza, mara nyingi ni balansi ya magurudumu. Usichanganye na ule mtetemo wa disiki tuliousema, ambao huja ukikanyaga breki.

Usukani ukiwa na mchezo, yaani waugeuza kidogo na magurudumu hayajibu, au ukisikia "kong, kong" kwenye matuta, viungo vimelegea: tairodi, boljointi, bushi au raki yenyewe. Kipimo chake ni rahisi. Gari likiwa limesimama, mtu mmoja ageuze usukani kushoto na kulia kwa mwendo mfupi wa haraka, na mwingine atazame na kushika kila kiungo. Kiungo kizima husogea pamoja na mwenzake. Kilichokwisha huruka kwanza ndipo mwenzake afuate. Boljointi ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa sababu ikichomoka gurudumu hulala chini na gari haliongozeki tena.

Sauti ya "tak-tak-tak" ukikata kona kali huku ukikanyaga mafuta, kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, kwa kawaida ni kiungo cha nje cha shafti. Tazama ule mpira unaokifunika. Ukipasuka, grisi hutoka na mchanga huingia, na kwa barabara zetu za vitongoji kazi hiyo haichukui muda. Mpira ukiwahiwa mapema, shafti huokoka.

Beringi

Beringi iliyoanza kuharibika huvuma. Mvumo wafuata mwendo wa gari, si mzunguko wa injini: ukibadilisha gia na mwendo ukabaki ule ule, nao wabaki ule ule. Tairi iliyolika vibaya pia huvuma, na hapa ndipo wengi hukosea. Mvumo wa tairi hubadilika sana ukitoka lami mbovu kuingia lami laini. Wa beringi hubadilika zaidi ukipinda. Ukipinda kulia, uzito wa gari hulalia magurudumu ya kushoto. Kama mvumo waongezeka hapo, shuku beringi ya kushoto. Ukipinda kushoto ukaongezeka, shuku ya kulia. Fanya hivi mahali palipo wazi pasipo na magari, kwa mwendo wa wastani.

Kipimo cha pili ni cha jeki. Liweke gari mahali pagumu na tambarare, zuia magurudumu mengine kwa mawe, na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise kwa kulivuta na kulisukuma. Kisha shika kushoto na kulia ufanye vile vile. Likicheza kushoto na kulia pekee, tazama tairodi. Likicheza juu na chini, ni beringi au boljointi. Ili kujua ni ipi, mtu akanyage breki huku wewe ukitikisa: mchezo ukipotea, ni beringi, ukibaki, ni boljointi. Mwisho, lizungushe gurudumu kwa mkono huku mkono wa pili umeshika springi. Beringi mbovu utaihisi ikikwaruza kwenye springi kama punje za mchanga.

Wanaopenda kuendesha gari ufukweni au kuvuka maji yaliyotuama wajue kwamba maji yakipita sili ya beringi huosha grisi, na ya chumvi huleta kutu juu yake. Kwenye magari mengi ya leo taa ya ABS nayo yaweza kuwaka, kwa kuwa kifaa kinachopima mwendo wa gurudumu kiko karibu na beringi. Wapo wanaovumilia mvumo huu miezi mingi. Mdharau mwiba mguu huota tende: beringi iliyoachwa hulegea, hupata moto na hatimaye huweza kukwama au kuachia gurudumu.

Ukifika kwa fundi

Usiseme "badilisha beringi." Mwambie ulichosikia na lini: "Inavuma kuanzia 60, na nikipinda kulia inazidi." Fundi mzuri atafurahi, kwani umempunguzia nusu ya kazi. Mwambie akuonyeshe mchezo au uvujaji kabla ya kununua chochote, na akurudishie spea kuukuu uitazame. Pedi hubadilishwa gurudumu la kushoto na la kulia pamoja, kamwe si upande mmoja. Beringi mpya isigongwe kwa nyundo, kwa maana huharibika siku inayofungwa. Iingizwe kwa mashine ya kubana. Baada ya kazi yoyote ya breki, pampu pedali mpaka iwe ngumu kabla gari halijasogea hata hatua moja.

Yote haya hayana faida dereva akinyamaza. Magari ya abiria hukaguliwa na NTSA kila mwaka, lakini ukaguzi ni siku moja, na siku zilizobaki mkaguzi ni yule aliye nyuma ya usukani. Madereva wetu wengi wa matatu na tuktuk husikia breki ikilia na wakanyamaza, kwa sababu siku ya gereji ni siku isiyo na hesabu, na wapo wenye magari wanaomwona dereva anayeripoti kasoro kama mvivu. Mwenye gari anayemnyamazisha dereva wake ameifunga ile sauti iliyokuwa ikimwonya. Dereva akikuambia pedali imelegea, mpe siku hiyo bila kumkata pesa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu una abiria ndani yake.

Nawe abiria, una haki. Ukisikia chuma kikisaga chuma kila gari linapokaribia stendi, mwambie dereva kwa heshima, na ikibidi shuka. Nauli ya gari la pili ni ndogo.