Unaunda tarakilishi ya michezo? Anza na hesabu ya umeme

VIJANA wengi wapendao michezo ya video huanza kwa kununua tarakilishi ya ofisi iliyokwisha kutumika ng'ambo, kisha wakaitia kadi ya grafiki. Njia hiyo huonekana nafuu. Hata hivyo, si ajabu mashine kama hiyo kuzimika ghafla mchezo unapopamba moto, na akiba ya miezi mingi ikawa imekwenda na maji.

Chanzo mara nyingi huwa ni kipande kisichozungumzwa sana: pawa saplai, yaani kifaa kinachopokea umeme wa ukutani, kikaubadilisha na kuugawia vipande vingine vyote.

Baadhi ya tarakilishi za ofisi zilipewa pawa saplai ya wati 240 hivi kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuandika barua na kupiga hesabu. Kadi ya AMD Radeon RX 580, iliyotoka mwaka 2017, imekadiriwa kutumia wati 185 peke yake. Tundu inamokaa kadi kwenye bodi mama hutoa wati 75 pekee. Zinazosalia sharti zipitie nyaya maalumu kutoka kwa pawa saplai, nyaya ambazo mashine nyingi za ofisi hazina. Isitoshe, baadhi ya kampuni hutumia plagi na maumbo yao wenyewe, hivi kwamba pawa saplai ya kawaida haiwezi kutiwa badala yake.

Kwa hivyo, anayeunda tarakilishi kwa mara ya kwanza anafaa kupiga hesabu kabla ya kutoa pesa mfukoni.

Hesabu huanzia kwenye kiwambo. Kiwambo cha 1920 kwa 1080 kina nukta 2,073,600, ilhali cha 4K kina nukta 8,294,400, yaani mara nne. Mchezo ukitakiwa kwenda kwa picha 60 kila sekunde, kadi huzichora nukta hizo zote upya mara 60 katika sekunde hiyo moja. Mwenye kiwambo cha kawaida hana haja ya kadi ya bei ya juu kabisa, kwani nguvu nyingi zitabaki bure.

Baada ya kadi kuteuliwa, ndipo pawa saplai inapochaguliwa. Kwa mfano, Nvidia GeForce RTX 4060 ya mwaka 2023 hutumia wati 115 hivi, lakini kampuni hiyo ilipendekeza pawa saplai ya wati 550. Nafasi hiyo ni ya kichakataji, diski na feni, pamoja na nyakati ambapo matumizi hupanda ghafla.

Mnunuzi asiridhike na nambari kubwa iliyochapishwa kwenye boksi. Kichakataji na kadi hutegemea hasa njia ya volti 12, na kibandiko cha pawa saplai huonyesha ampea za njia hiyo. Ikiwa ni ampea 30, basi 12 mara 30 ni wati 360, hata kama boksi linajigamba kuwa na 500. Aidha, alama ya 80 Plus hueleza jinsi umeme usivyopotea kuwa joto. Haimhakikishii mtu kwamba kifaa kitadumu.

Tahadhari nyingine inahusu vifaa vinavyoletwa na jamaa kutoka Marekani. Pawa saplai za zamani huwa na swichi ndogo nyuma, yenye alama za 115 na 230. Umeme wa Kenya ni wa volti 240. Swichi ikiachwa kwenye 115, kifaa huweza kuungua pindi kinapowashwa.

Vipande vilivyosalia havina budi kuoana. Bodi mama za AMD za soketi ya AM4, iliyotumiwa na Ryzen za kwanza mwaka 2017, hupokea kumbukumbu ya DDR4. Zile za AM5, zilizotoka mwaka 2022, hupokea DDR5 pekee. Pengo kwenye kijiti cha kumbukumbu limewekwa mahali tofauti, kwa hivyo kimoja hakiingii penye kingine. Vijiti viwili vya GB 8 pia hufaa kuliko kimoja cha GB 16, kwa sababu bodi huvisoma sambamba.

Asiye na pesa za kadi kwa sasa anaweza kuanza na kichakataji chenye grafiki ndani yake, kama Ryzen 5 5600G, akaongeza kadi baadaye. Ryzen 5 5600, isiyo na herufi G, haionyeshi picha yoyote bila kadi. Herufi moja tu yaweza kumrudisha mtu dukani.

Anayenunua vichakataji vya kale azingatie pia kwamba Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Windows 11 hukubali rasmi vichakataji vya Intel Core kuanzia kizazi cha nane, na vingi vya Ryzen kuanzia safu ya 2000.

Kadi iliyotumika si haramu. Baada ya sarafu ya Ethereum kuacha uchimbaji wa kutumia kadi mnamo Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana ziliuzwa. Mnunuzi anafaa kuomba kadi ijaribiwe kwa mchezo mzito kwa nusu saa mbele yake, kabla ya kulipa.

Madukani, kila mwamba ngoma huvutia kwake. Muuzaji atasifu kadi kubwa na taa za rangi. Mnunuzi mwenye karatasi iliyoandikwa aina ya kiwambo, jumla ya wati, soketi na aina ya kumbukumbu hatayumbishwa. Fedha zikipungua, afadhali apunguze kadi kwa daraja moja, kuliko kuitegemeza mashine yote kwa pawa saplai hafifu.