Kigogota Kijani wa Ulaya: Mtafute Nyasini (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulizungumzia vifaa vya mtazamaji ndege anayeanza: darubini, daftari na viatu visivyopitisha maji. Leo tunaingia uwanjani kumtafuta ndege mmoja tu, kigogota kijani wa Ulaya, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Picus viridis, jina lililotokana na kazi ya mwanasayansi Linnaeus ya mwaka 1758. Nimemchagua kwa makusudi. Ni ndege mkubwa, urefu wake ni kama sentimita 32, ana rangi za kupendeza, na haondoki wakati wa baridi kama wafanyavyo ndege wengi wa huko. Waswahili wengi waishio London au Paris hupita karibu naye wakienda kazini wasimwone. Sababu ni moja: macho yao yanapanda mitini, naye yuko chini.

Mazoea hayo yana asili yake. Aliyekulia pwani yetu anajua kuwa kigogota hutafutwa kwenye shina au tawi. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke nchini Kenya yuko Campethera mombassica, kigogota aliyepewa jina la mji wa Mombasa, mwenye mgongo wa kijani iliyochanganyika na dhahabu. Huyo ukitaka kumwona, inua shingo utazame matawi. Jamaa yake wa Ulaya hulala na kuzaa kwenye tundu la mti, lakini riziki yake karibu yote iko ardhini. Anakula sisimizi, wakubwa kwa mabuu, kiangazi na masika, na umbile lake limefuata mlo huo. Ulimi wake waweza kutoka nje ya mdomo kiasi cha sentimita 10, umejaa mate yanayonata, na unaporudi ndani, vifupa vinavyoushikilia huzunguka nyuma ya fuvu mpaka juu ya kichwa. Mdomo wenyewe hauna nguvu kama wa vigogota wanaotoboa miti kutafuta wadudu. Umefanywa kwa kupekua udongo.

Kwa hiyo, kabla ya kumtafuta ndege, tafuta sisimizi. Wako sisimizi wadogo wa manjano, Lasius flavus, wanaojenga vichuguu vidogo kwenye nyasi za zamani. Kichuguu cha namna hiyo hukua polepole, na vingine vina umri wa miongo kadhaa. Jembe likipita mara moja, kazi yote hiyo imekwisha. Ukiona uwanda umejaa vinundu vilivyofunikwa na nyasi fupi, ujue ardhi hiyo haijalimwa kwa muda mrefu, na ujue pia kwamba kigogota kijani hayuko mbali.

Kwa anayeishi London, mahali pa kuanzia ni Richmond Park. Mfalme Charles I aliizungushia ukuta mwaka 1637 iwe uwanja wake wa kuwindia kulungu, na kulungu wangali humo hadi leo. Humo mna vichuguu kwa maelfu na mialoni mikongwe yenye mashimo. Msomaji asidhani kulungu ni pambo tu la bustani. Wao ndio wanaozifanya nyasi zibaki fupi, jua likafika kwenye kichuguu na kukipasha moto. Nyasi zikirefuka, kivuli hutanda, udongo hupoa na sisimizi hupungua. Uingereza iliwahi kuliona jambo hilo kwa ukubwa. Mwaka 1953 uliingia ugonjwa wa miksomatosi, ukaua sungura wa porini kwa mamilioni, na malisho mengi waliyokuwa wakiyala yakageuka kuwa nyasi ndefu na vichaka. Kifo cha sungura kikawa pigo kwa sisimizi. Ndiyo maana nasema kwa uzito kwamba anayempenda ndege huyu hana budi kujali ng'ombe, kondoo, kulungu na sungura wanaokula nyasi mahali anapotafuta chakula.

Ukifika, usianze kutembea. Simama usikilize. Sauti ya kigogota kijani ni mfululizo wa milio mikali kama kicheko cha mtu mwenye kifua kipana, inayoenda kasi na kushuka kidogo mwishoni. Wazee wa mashambani huko Uingereza walisema akicheka mno, mvua inakuja. Husikika mwaka mzima, lakini zaidi Machi na Aprili, wakati dume na jike wanapotangaziana mipaka na kutafutana. Asubuhi na mapema ndiyo saa yake. Kama unamsubiri apige gogo kama ngoma, utachoka bure, maana hufanya hivyo kwa nadra sana. Mdundo unaousikia bustanini mara nyingi ni wa kigogota mwingine, mweusi kwa mweupe mwenye wekundu chini ya mkia, Dendrocopos major. Programu ya simu iitwayo Merlin, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, husaidia kutambua sauti, ila itumie kuhakikisha ulichosikia, masikio yako yakiwa yametangulia kufanya kazi.

Ukishajua sauti imetoka upande gani, pitisha macho matupu juu ya nyasi kabla ya kushika darubini. Utaona kitu cha kijani kimesimama wima, kikazamisha mdomo, kikatulia, kisha kikainua kichwa ghafla. Kichwa hicho kinachoinuka ndicho kinachomfichua, kwa kuwa utosi wake ni mwekundu na huonekana mbali. Darubini ya 8x42 inatosha kabisa kwa umbali huo. Usimkaribie kwa kumwendea moja kwa moja. Ni ndege mwoga, na akishtuka hurukia shina la mti na kujificha upande wa pili, halafu akawa anachungulia na kuzunguka kadiri unavyozunguka. Afadhali ukae chini ya mti, jua likiwa nyuma yako, umsubiri arudi kwenye kichuguu chake.

Ana sababu ya kuwa mwoga, maana anayelisha ardhini huwa karibu na meno ya wanyama. Machi 2015, huko Hornchurch, mashariki ya London, mtu mmoja alipiga picha ya kigogota kijani akiruka na kicheche mgongoni. Kicheche alikuwa amemvamia alipokuwa akilisha. Ndege alinusurika, na picha ikaenea duniani kote.

Akiruka, tazama mambo mawili. La kwanza ni mwendo: anapiga mabawa mara chache, anayafunga, anashuka, anayapiga tena na kupanda, hivyo njia yake hewani ni ya mawimbi. La pili ni rangi ya manjano inayong'aa juu ya kiungo cha mkia. Haya yatakuepusha na kosa la kawaida kwa wanaoanzia London, ambako kasuku wadogo wa kijani wameenea katika bustani nyingi. Kasuku hao wana mkia mrefu mwembamba, huruka kwa kasi na kwa njia iliyonyooka, mara nyingi kundi zima likipiga kelele. Kigogota huwa peke yake au wawili.

Akitulia, mtazame sharubu, ule mstari ushukao kutoka mdomoni. Wa dume una wekundu katikati, wa jike ni mweusi mtupu. Makinda yanayotoka Juni na Julai yana madoa na mistari kifuani, na hapo ndipo familia nzima huweza kuonekana ikilisha pamoja. Na asipotokea, angalia vichuguu vyenyewe: tundu la mdomo lililozama ndani, na kinyesi chake kilicho kama jivu la sigara, ambacho ukikivunja utakuta vipande vya miili ya sisimizi.

Aliyeko Ireland asijisumbue, kwa kuwa huko hayupo. Hispania na Ureno wana jamaa yake wa karibu, Picus sharpei, na anayeishi Ujerumani ajihadhari na Picus canus, mwenye kichwa cha kijivu na wekundu kidogo tu kwenye paji kwa dume. Baridi kali ni adui mkubwa wa vigogota kijani, kwa vile ardhi ikiganda mlango wa chakula umefungwa. Majira ya baridi ya 1962 hadi 1963 yaliwaua wengi nchini Uingereza.

Mwishoni mwa Aprili na Mei jike hutaga, na wazazi wote wawili hulalia mayai. Kipindi hicho ukigundua tundu lenye ndege, ondoka taratibu na utazame kwa mbali. Usimchezee sauti ya simu ili ajitokeze, kwani ataacha mayai akitafuta mgeni asiyekuwepo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 inakataza kuharibu kiota chake kinapotumika. Juma lijalo tutawatazama jamaa zake wanaotoboa miti, na namna ya kuwatofautisha kwa mdundo.