Msimbo Mmoja, Mafaili Mawili Yasiyoelewana

Tangu Kernighan na Ritchie wachapishe kitabu chao cha lugha ya C mwaka 1978, wanafunzi wengi wa programu huanza kwa kuiamuru kompyuta itoe salamu ya maneno mawili. Msimbo wake hauzidi mistari michache. Kazi iko kwenye kuuendesha.

Kwenye Linux unaandika `gcc salamu.c -o salamu`. Kompaila ikinyamaza, hiyo ndiyo pongezi yake. Kisha `./salamu`. Ukisahau nukta na mkwaju utaambiwa amri hiyo haipo, na faili unaliona. Linux hutafuta programu katika folda zilizotajwa kwenye orodha ya PATH tu, si pale ulipo, mtu asije akakutegea programu yake kwa jina la amri ya kila siku kama `ls`. Command Prompt ya Windows huanzia hapo hapo ulipo; ukarimu huo PowerShell, iliyokuja baadaye, haikuurithi.

Windows haiji na kompaila ya C. Wengi husakinisha Visual Studio, gigabaiti kadhaa kwa ajili ya salamu, kisha `cl salamu.c` huzaa `salamu.exe`. Ukilibofya faili hilo mara mbili, dirisha linachomoza na kutoweka. Programu haijaharibika, imemaliza kazi kabla hujaisoma salamu.

Sasa weka mifumo yote miwili kwenye kompyuta moja. Prosesa ni ile ile, lakini `salamu.exe` haliendeshwi na Linux hivi hivi. Faili la Windows huanza na herufi MZ, za jina la Mark Zbikowski, mhandisi wa Microsoft. La Linux lina muundo mwingine, ELF. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba programu haiandiki yenyewe kwenye skrini, huomba mfumo uiandikie, na kila mfumo una namna yake ya kuombwa. Kwenye Linux ya biti 64 za x86, ombi la kuandika ni namba 1, na namba hizo hazibadilishwi. Windows hubadili zake toleo hadi toleo, hivyo programu hupitia maktaba za DLL. Ndiyo maana programu iitwayo Wine huweza kuendesha programu za Windows ndani ya Linux bila kuigiza prosesa yoyote: inajibu maombi tu.

Kukompaili upya kila upande hakumalizi mambo. Aina ya `long` ni baiti 8 kwenye Linux ya biti 64, na baiti 4 kwenye Windows ya biti 64. Hesabu ikivuka 2,147,483,647, Linux itaendelea kuhesabu. Windows huenda ikakupa namba hasi, bila kukuomba radhi.