Mkono Unaovimba Baada ya Upasuaji wa Saratani ya Titi

Limfu ni maji yanayovuja kutoka kwenye mishipa midogo kabisa ya damu, yakapita katikati ya nyama za mwili, kisha yakakusanywa na mishipa yake yenyewe na kurudishwa kwenye damu, lita kadhaa kila siku. Njiani huchujwa na tezi, zilezile ambazo zikivimba kinenani huitwa mitoki. Tezi za mkono ziko kwapani, na saratani ya titi ikianza kutambaa, mara nyingi hufikia hapo kwanza. Ndiyo sababu daktari anapoondoa titi mara nyingi huondoa na tezi za kwapa. Mionzi inayofuata huacha makovu ndani kwa ndani, na makovu hayo huziba baadhi ya mishipa iliyosalia. Maji hukosa pa kupita, mkono ukaanza kujaa.

Takriban mwanamke mmoja kati ya watano walioondolewa tezi za kwapa hupatwa na hali hii, wengi wao ndani ya miaka miwili. Baada ya upasuaji wa saratani ya shingo ya kizazi unaoondoa tezi za nyonga, unaovimba ni mguu. Nchini Tanzania wagonjwa wengi hufika hospitalini saratani ikiwa imekwisha kusambaa, hivyo kuondolewa tezi nyingi ni jambo la kawaida.

Mgonjwa wa Machochwe, kata ya wilaya ya Serengeti inayopakana na hifadhi, huanzia hospitalini Mugumu na kwa matibabu ya saratani huelekezwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Anaporudi nyumbani, mkono unabaki mikononi mwake mwenyewe. Hapo neno uvimbe huleta hofu, kwa kuwa ndilo linalotaja pia saratani yenyewe. Wengine hudhani ni matende. Matende husababishwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu na kuharibu mishipa ya limfu. Uvimbe huu wa baada ya upasuaji hauna minyoo wala hauambukizi, na dawa za matende hazitausaidia.

Dalili za mwanzo ni ndogo: mkono kuwa mzito, bangili au mkono wa gauni kubana, alama ya kidole kubaki ngozi inapobonyezwa. Futi ya fundi cherehani inatosha kupima. Mikono yote miwili hupimwa mahali palepale, na tofauti ya sentimita 2 inatosha kumrudisha mtu kwa daktari. Uvimbe unaoanza ghafla, wenye maumivu au unaokuja miaka mingi baadaye lazima uchunguzwe, kwani huenda ni damu iliyoganda au saratani iliyorudi.

Hali hii haiponi kabisa, lakini hudhibitiwa, hasa ikiwahiwa kabla nyama hazijawa ngumu. Tegemeo kubwa ni kubana. Mkono hufungwa bandeji zisizovutika sana kuanzia vidoleni kuelekea kwapani, vidoleni zikikaza zaidi na kulegea kadiri zinavyopanda. Vidole vikifa ganzi, vikipoa au kubadilika rangi, bandeji hufunguliwa mara moja. Ufungaji hufundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia, na ni haki ya mgonjwa kuuomba kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Mkono ukipungua, huvaliwa soksi maalumu ya mkono mchana kutwa. Kuna pia usingaji mwepesi sana, unaosogeza ngozi tu, ulioanzishwa na Wadenmaki Emil na Estrid Vodder miaka ya 1930.

Wanawake wengi huambiwa wasibebe kitu maisha yao yote. Katika kijiji ambacho maji, kuni na jembe ni kazi za mwanamke, agizo hilo halitekelezeki, na si sahihi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 ulionyesha kwamba kuinua uzito unaoongezwa kidogokidogo hakuzidishi uvimbe. Mtu huanza na kidumu kidogo, akiongeza polepole na kupumzika mkono ukiwa mzito. Kukunja na kukunjua ngumi, kuinua mkono na kuvuta pumzi ndefu husukuma limfu.

Adui mkubwa ni mchubuko. Mwiba wakati wa kuokota kuni, panga, cheche za jikoni au makucha ya paka hufungua mlango kwa bakteria, na mkono uliojaa maji ni shamba lao. Ukiwa mwekundu na moto, mtu akatetemeka kwa homa, antibayotiki zinahitajika siku hiyohiyo. Kila shambulio huharibu mishipa zaidi. Kinga yake ni sabuni na maji kila siku, kukausha katikati ya vidole, mafuta, na glavu shambani. Usafi huohuo umewapunguzia homa wagonjwa wa matende wa pwani.

Kukanda kwa maji ya moto, tiba inayopendwa na kina mama wengi, huleta damu zaidi mkononi na kuongeza maji. Chale za wembe ni hatari kuliko mwiba. Vidonge vya kukojosha navyo haviondoi limfu.