Wahandisi Wawili na Safari ya Mwezini Isiyotimia

Wengi wetu tunalijua jina la Yuri Gagarin, mwanadamu wa kwanza kufika angani, tarehe 12 Aprili 1961. Wachache wanaijua karakana iliyounda chombo chake, Vostok. Ilianzishwa mwaka 1946 huko Podlipki, karibu na Moscow, na leo ni shirika la Energia.

Kiongozi wake alikuwa Sergei Korolev. Mwaka 1938, zama za Stalin, alikamatwa kwa tuhuma za uongo na kupelekwa kwenye machimbo ya dhahabu ya Kolyma, ambako baridi na njaa viliua wengi. Valentin Glushko, bingwa wa injini, naye alikamatwa mwaka huohuo. Waliachiwa mwaka 1944, na ushirikiano wao ukazaa matunda: roketi ya R-7, aliyoibuni Korolev na kusukumwa na injini za Glushko, ndiyo iliyorusha Sputnik, satelaiti ya kwanza duniani, Oktoba 1957.

Kisha wakahitilafiana. Kwa N1, roketi kubwa ya kwenda mwezini, Korolev alitaka oksijeni ya kimiminika na mafuta ya taa. Glushko alishikilia kemikali zenye sumu ziwakazo zenyewe zikikutana. Hakuna aliyelegeza kamba. Korolev akamwendea Nikolai Kuznetsov, mtengenezaji wa injini za ndege, na sehemu ya chini ya roketi ikafungwa injini 30.

Korolev alifariki Januari 1966, na ndipo wananchi wenzake walipolijua jina lake, kwani serikali ilikuwa imelificha. Kati ya 1969 na 1972 N1 ilirushwa mara nne, na mara zote ikaangamia. Uhaba wa fedha na wa majaribio ulichangia, lakini wahenga walikwishasema: wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Mwaka 1974 Glushko alikabidhiwa karakana hiyo, akaisimamisha N1. Ajabu ni kwamba roketi yake ya Energia, iliyoruka mwaka 1987, ilisaidiwa na injini za oksijeni na mafuta ya taa, yaleyale aliyoyakataa.

Chombo cha Soyuz, kilichoanza kubuniwa enzi ya Korolev, kingali kikibeba watu. Oktoba 2007, ndani ya Ramadhani, kilimpeleka angani Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia, baada ya wanazuoni wa nchi yake kuandaa mwongozo wa kuswali huko.

Gereza halikuwavunja wahandisi hawa. Kilichowashinda ni kuketi meza moja wakiwa huru, na hapo ndipo tunapopaswa kujitazama katika kamati na familia zetu.