Makaratasi ya Ujiji Yako Uskoti

Wengi wetu tukirudi Kigoma wakati wa likizo, Ujiji huwa ni ya mchana mmoja tu. Tunapanda daladala mjini, tunashuka, tunaingia makumbusho ya Livingstone, watoto wanapiga picha na zile sanamu mbili za wazungu wanaosalimiana, kisha tunageuza kwenda kutafuta migebuka na ugali. Kijana aliyekulia Glasgow haoni ajabu yoyote pale. Wazungu wawili wanaopeana mikono si habari kwake.

Binti yangu, ambaye yuko katika umri wa kujibu kila kitu kwa mabega, aliuliza swali moja tu siku ile: kama huyu mzee alikaa hapa akiandika, maandishi yake yako wapi? Mzee aliyekuwa akitutembeza akacheka, akasema hilo angetuuliza sisi tunaokaa huko. Alikuwa na haki. Kutoka kwetu Glasgow, sehemu kubwa ya maandishi hayo iko umbali wa safari ya treni, na nadhani wazazi wenzangu wengi hawajui.

Yamegawanyika sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni Maktaba ya Taifa ya Uskoti, mtaa wa George IV Bridge, Edinburgh. Taasisi hii iliundwa kwa sheria mwaka 1925 kutokana na maktaba ya mawakili iliyoanza karne ya 17, na jengo lake la sasa lilifunguliwa 1956. Ukilitazama kutoka barabarani utadhani ni jengo la kawaida la mawe, kwa sababu ghorofa zake nyingi ziko chini ya usawa wa daraja, zinateremka hadi mtaa wa Cowgate. Humo mna barua nyingi za Livingstone. Mna pia kumbukumbu za kampuni ya John Murray, iliyomchapishia vitabu, ambazo maktaba ilizinunua mwaka 2005 kwa takriban paundi milioni 31. Ya pili ni nyumba aliyozaliwa, Blantyre, karibu na Glasgow, ambayo sasa ni makumbusho yaliyofunguliwa upya mwaka 2021 baada ya ukarabati mkubwa. Madaftari mengi ya safari yako huko.

Karatasi zenyewe ndizo zilizomfanya binti yangu aache simu. Mwaka 1871 Livingstone alikuwa Nyangwe, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika katika Kongo ya leo, ameishiwa karatasi na wino. Alichukua gazeti la London, The Standard la Novemba 24, 1869, akaandika juu ya maandishi yaliyochapwa, akikatiza mistari yake, kwa wino alioutengeneza kutokana na rangi ya mmea wa huko. Wino ule ulififia. Kwa miaka kama 140 kurasa hizo hazikusomeka, mpaka wataalamu walipozipiga picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali, hata ule usioonekana kwa macho, wakautenganisha wino wa mmea na wino wa gazeti. Mwaka 2011 matokeo yalitolewa bure mtandaoni, na leo yanapatikana katika maktaba ya kidijitali iitwayo Livingstone Online.

Kilichosomeka si cha kufurahisha. Julai 15, 1871, watu wa wafanyabiashara wa pwani walifyatua bunduki sokoni Nyangwe, wakaua watu wengi, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vyakula. Livingstone aliona kwa macho yake. Aliandika papo hapo juu ya gazeti, kisha baadaye akanakili habari ile katika daftari kubwa, na wataalamu walipolinganisha matoleo hayo mawili waliona kuna mambo aliyoyabadilisha. Halafu alipokufa, rafiki yake Horace Waller alihariri shajara za mwisho zikachapishwa mwaka 1874, naye akapitisha mkasi wake. Kwa hiyo kuna tabaka tatu za habari moja. Mwalimu wa historia anaweza kulieleza jambo hili muhula mzima asieleweke; kijana akiliona kwenye skrini, gazeti upande huu na kitabu upande ule, analielewa mara moja.

Kutoka Nyangwe alirudi Ujiji, mgonjwa, akafika Oktoba 23. Alikuta bidhaa zake zote zimeuzwa. Sherif, aliyekabidhiwa mali hiyo, alidai amepiga ramli kwa Kurani ikamwonyesha kuwa mzee amekwisha kufa. Na hii haikuwa mara ya kwanza mji wetu kumtendea vibaya: alipofika mwanzo, Machi 1869, aliandika furushi la barua, lakini watu wa Ujiji walisita kuzibeba, naye aliamini waliogopa zisije zikaeleza biashara yao ya watumwa huko pwani. Sisi wa Ujiji hupenda kusimulia kwamba tulimpokea mgeni vizuri. Makaratasi yanasema tulimpokea, tukamwibia, na tukasita kubeba barua zake. Nadhani ni afadhali watoto wetu wasikie yote matatu kutoka kwetu kuliko kwa mtu mwingine.

Siku chache baadaye Stanley, yule mzungu wa pili katika sanamu, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta Livingstone, aliingia. Jiwe la kumbukumbu linataja Novemba 10, 1871, lakini hesabu ya Livingstone inaangukia Oktoba; wote wawili walikuwa wamepoteza hesabu ya siku kwa homa. Yale maneno maarufu ya salamu, "Dr. Livingstone, I presume?", ambayo kila mtalii anayarudia pale chini ya mwembe? Karatasi za Stanley ziko Tervuren, Ubelgiji, na ukurasa wa shajara uliohusu mkutano huo umechanwa, kwa hiyo hatuna uhakika kama yalisemwa. Hata mwembe wenyewe si ule. Wa asili haupo tena. Kitu kimoja kina uhakika zaidi: mtu wa kwanza kutoka kumlaki Stanley hakuwa Livingstone, alikuwa mtumishi wake Susi, na baada yake mwenzake Chuma.

Hapo ndipo ninapowashauri wazazi wageuze ziara. Ukimpeleka kijana Edinburgh au Blantyre kumtazama Livingstone, atachoka haraka. Mpeleke akawatafute watu wetu ndani ya karatasi za Livingstone. Yumo Kaif Halek, tarishi aliyekabidhiwa mfuko wa barua uliofungwa Zanzibar Novemba 1, 1870; mfuko huo ulikaa Kwihara, karibu na Tabora, ukaja kufika Ujiji na Stanley mwaka mzima baadaye. Wamo wapiga makasia waliowapeleka wazungu hao wawili kaskazini mwa ziwa kuangalia kama mto Rusizi unatoka au unaingia. Unaingia, na kwa hiyo ziwa letu halikuwa chanzo cha Nile kwa njia hiyo. Wapelelezi Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858 na hawakulimaliza swali hilo.

Kuhusu taratibu, maana wengi wataniuliza. Maonyesho ya kudumu ya Edinburgh ni bure na hayahitaji miadi. Kusoma hati zenyewe ni jambo lingine: unahitaji kadi ya msomaji na uagize mapema, begi linabaki kwenye kabati, na chumbani unaingia na penseli tu, kalamu ya wino hairuhusiwi. Uliza kwanza kwa barua pepe masharti ya umri kabla hujamwahidi mtoto. Ukweli ni kwamba kwa kijana picha za mtandaoni zinasomeka vizuri kuliko hati yenyewe. Thamani ya kwenda ni kuona jinsi karatasi ilivyo ndogo na chafu. Blantyre ni rahisi zaidi kwa familia, na kuna jambo linalowagusa vijana: Livingstone alianza kazi katika kiwanda cha pamba akiwa na miaka 10, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, kitabu kikiwa kimeegemezwa kwenye mashine.

Wakiwa njiani kwenda Kigoma, wanaolala Dar es Salaam wanaweza pia kupita Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 9, 1967. Ni vizuri kijana ajue kwamba maktaba kubwa haziko Ulaya tu.

Je, makaratasi yarudi? Katika mikutano ya jumuiya swali hili huzua kelele, na sina jibu la kumridhisha kila mtu. Madaftari haya yaliandikwa na Mskoti, na sijui ni kwa hoja gani Ujiji ingeyadai kama inavyoweza kudaiwa ngoma au kiti cha enzi. Ila nakala ni suala jingine. Picha zipo bure, lakini mwanafunzi wa Ujiji anazifungua kwa bando la simu la kujibana. Kuchapisha kurasa kadhaa kwa ukubwa wake halisi, na maelezo ya Kiswahili pembeni, si gharama ya kuishinda jumuiya yetu. Tunachangia harusi kubwa kuliko hiyo kila kiangazi.

Na kama tutachapisha, ningeanza na hati isiyo ya Livingstone kabisa. Alipokufa Mei 1, 1873, wenzake waliukausha mwili wakaubeba hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Mmoja wao, Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa India, aliandika shajara ya safari hiyo kwa mkono wake, na Aprili 18, 1874 alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza katika kanisa la Westminster. Shajara yake iko Blantyre, na tangu 2019 inasomeka mtandaoni. Binti yangu ameisoma yote. Ya Livingstone hajaimaliza.